Bomba la Kukufikisha

Nakumbuka siku moja kwa sikio kabla sijaikumbuka kwa jicho. Lori la Bwana lilinguruma kwenye mteremko wa Sugoi kama fahali aliyechomwa mkuki, na ndege wakaruka kutoka katika miti yote ya miwati ya bonde lile. Andika hivyo hivyo, mjukuu wangu, wala usinipunguzie ngurumo. Mimi sikwenda shule, lakini najua neno lililotoka kinywani mwangu na neno lililotiwa humo na mtu mwingine. Na wewe, mwanangu utakayeyasoma haya, keti vizuri. Sisemi ili kukufurahisha.

Nilikuwa kijana aliyekwisha tahiriwa, aliyekwisha kwenda vitani na kurudi. Katika vita vile vya wazungu nilifundishwa kuendesha malori ya jeshi, na niliporudi Uasin Gishu nilipata kazi ya udereva katika shamba la mzungu mmoja, mbele kidogo ya Kiplombe. Jina lake la kwao silitaji. Sisi wafanyakazi tulimwita Bwana Baadaye, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo lililoharibika. Paa la ghala likivuja, baadaye. Stata ya lori ikifa, baadaye, na tangu siku hiyo tukawa tunaliwasha kwa kuzungusha hendeli kwa nguvu za mabega. Hakuwa mtu wa kupiga watu. Nasema hivyo kwa haki. Madhara yake yalikuwa ya taratibu, na madhara ya taratibu hayapigiwi kelele.

Sasa sikia jambo ambalo hadithi nzima imelala juu yake. Baba yangu, mzee Korir, alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe wale walikula majani katika shamba la Bwana kwa sababu mimi nilishika usukani wa Bwana. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake. Siku nitakayoacha usukani, ng'ombe wa baba watatoka, na baba na mama watatoka nyuma yao. Nchi ile ilikuwa yetu kabla ya ua wa seng'enge, lakini seng'enge haiulizi nani alitangulia.

Turudi Sugoi. Tulikuwa tumetoka kuchukua mbegu, mimi na Wafula, taniboi wangu, yaani msaidizi wa lori, mtu mzima kutoka upande wa Bungoma, aliyenizidi umri na kunizidi maneno mara nyingi zaidi. Lori liligonga jiwe, na bomba la moshi, lililokuwa limeliwa na kutu miaka mingi, likakatika katikati. Sailensa, lile kopo la kuzima sauti, ikawa inaburuzika chini.

Wafula aliinama akatazama, kisha akaniambia, "Arap Korir, hii lori imemeza mtu wa kanisa. Sikia vile inatoa ushuhuda."

"Nipe sanduku la spana," nikamwambia, "na wewe ukatoe ushuhuda wako mbali kidogo."

Ndani ya sanduku lile nilikuwa na kitu changu mwenyewe, nilichokuja nacho kutoka vitani: kipande cha bomba laini, kilichosukwa kwa utepe wa chuma uliozungushwa na kubanana, mfano wa koo la ng'ombe. Ukikivuta kinarefuka, ukikikunja kinakunjika, na kinapita mahali ambapo bomba gumu halipiti. Nilikata sehemu iliyooza kwa msumeno, nikavisha bomba langu juu ya ncha hii na juu ya ncha ile, nikalipitisha kando ya mhimili, nikabana kwa klampu huku na huku, na sailensa nikaifunga kwa waya. Wafula alizungusha hendeli. Lori likawaka kwa sauti ya upole.

Mwanangu, wako watu wanaodhani nitasema kwamba kazi ile ilikuwa mbaya. Sitasema. Kazi ile ilikuwa njema, na mtu akiniweka leo katika mteremko ule na lori lile, nitaifanya tena vile vile. Lakini sajini aliyenifundisha vitani, mtu mweusi kama mimi, alikuwa na neno lake kila alipotugawia vipande vile. Alituambia: "Hili ni bomba la kukufikisha, si bomba la kukukalisha." Maana chuma kile ni chembamba. Moto unakila, mtikisiko unakilegeza, na katika mikunjo yake moshi hupenya kidogo kidogo. Linakutoa porini hadi gereji. Likishakufikisha gereji, kazi yake imekwisha, ulishukuru na ulivue.

Tulipofika shambani nilimwambia Bwana, "Bwana, bomba la moshi limekatika. Nimefunga la muda tu. Kesho nipeleke lori mjini, kwa fundi Kalasinga, litiwe bomba jipya."

Bwana aliweka mkono wake juu ya boneti, akasikiliza injini. Ninyi hamjui Kiswahili cha wazungu wale, kwa hiyo nitakitoa kama alivyokitoa. "Hapana piga kelele sasa. Mzuri sana. Wewe fundi kabisa. Baadaye."

Naam. Alinisifu. Jihadhari na sifa inayofunga mazungumzo. Ngurumo ile ya Sugoi ilikuwa ukweli, na mimi niliinyamazisha kwa mikono yangu ili tufike nyumbani. Lakini yeye alichukua kimya kile akakiita uzima. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuambia tufanye nini pale ambapo mwenye kuficha maradhi ni mmoja na wa kuumbuliwa na kifo ni wengine.

Nilimkumbusha. Nilimkumbusha tena. Mvua zikaanza, mahindi yakaota, palizi ikafika, na bomba la kukufikisha likawa limekaa.

Wakati wa palizi nilikuwa nikiwachukua wanawake wa kambi yetu kila asubuhi na kuwapeleka shamba la pili, mwendo mrefu upande wa Yamumbi. Walipanda nyuma na majembe yao, wengine na watoto migongoni. Siku za jua turubai lilikunjwa, na upepo ukapita. Siku za mvua Wafula aliliteremsha pande zote na kulifunga kamba, wakakaa humo kama kuku ndani ya tenga, wakiimba.

Asubuhi moja mvua ilinyesha bila huruma, turubai likafungwa, nikaendesha. Mwanzoni niliwasikia wakiimba. Tulipokaribia daraja sikuwasikia. Nilidhani ni mvua imezima sauti. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinaniuma, nikasema moyoni ni baridi.

Nilipofungua nyuma, walishuka wakiyumba. Wanawake waliozoea kubeba mzigo wa kuni kutoka bondeni walikuwa wanashika ubao ili wasianguke. Wafula alishuka akatapika kando ya gurudumu. "Nimekula nini mimi?" aliuliza. "Jana nilikula ugali wangu mwenyewe, sikualikwa kwa mtu." Alitaka kucheka, lakini uso wake ulikuwa wa majivu.

Kisha Cherono, mwanamke kijana aliyezaa mtoto wake wa kwanza, alisema kwa sauti ndogo kwamba mtoto haamki.

Alimtikisa. Akampuliza usoni. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaanguka upande huu na upande ule. Tulimtoa kwenye nguo, tukamweka wazi katika mvua na upepo, na wanawake wakamzunguka. Sijui tulikaa vile muda gani, na asiyejua asiseme. Ninachojua ni kwamba hatimaye mtoto alikunja uso kama mzee aliyeudhiwa, akalia, na mama yake akaketi chini matopeni.

Wengine walisema ni njaa. Wengine walisema ni jicho baya. Mimi nililala chini ya lori nikatazama. Bomba langu lilikuwa limepasuka katika mikunjo yake, na moshi ulikuwa umepaka masizi meusi kwenye mbao za sakafu, juu yake tu, pale ambapo mbao zilikuwa zimeachana. Moshi wa injini si moshi wa kuni, mwanangu. Moshi wa kuni hukufukuza kwa kukuchoma macho. Ule wa injini hukubembeleza ulale.

Sikungoja. Nilirudi na lori tupu, turubai likiwa wazi, nikamkuta Bwana akinywa chai barazani.

"Bwana, moshi unaingia nyuma. Mtoto wa Cherono amekaribia kufa. Lori halifai kubeba watu mpaka bomba lipatikane."

"Mtoto nakufa?"

"Hapana, Bwana. Ameamka."

"Basi," akasema. "Palizi kwanza. Majani hapana ngoja Kalasinga. Wewe funga waya ingine. Baadaye tanunua bomba."

"Bwana, waya hauzibi moshi."

Aliweka kikombe chini. "Arap Korir. Ng'ombe ya baba yako iko wapi sasa?"

Niliwaona kutoka pale barazani, wakila majani chini ya miti. Naye alijua kwamba ninawaona.

Jioni, kabla jua halijazama, nilimweleza baba. Alikuwa mtu mkali kuliko mimi, na wewe unayeandika unajua mimi ni mtu wa namna gani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Mwenye nguvu mpishe." Kisha akaenda kukamua. Sikumlaumu. Mzee aliyehamishwa mara nyingi hujifunza kusimama kando ya njia.

Nilikwenda kwa Cherono kumwona mtoto, nikiwa na kibuyu cha maziwa. Mlangoni aliketi bibi wa mumewe, Kogo Tapsubei. Kogo kwa lugha yetu ni bibi, na yeye alikuwa kogo wa kambi nzima. Alitupokea mikononi mwake karibu sote tuliozaliwa pale. Alichukua maziwa, hakunikaribisha ndani.

"Nasikia wewe ndiye uliyemfunga mnyama yule mdomo," akasema.

"Kogo, nilimwambia Bwana. Nimemwambia zaidi ya mara moja. Hata leo nimemwambia."

"Mdomo wako umesema. Nimesikia. Na mikono yako kesho itasema nini?"



"Mdomo unasema hapana, mikono inazungusha usukani," akaendelea. "Sasa mzungu asikilize kipi? Mimi ningekuwa mzungu ningesikiliza mikono. Nenda nyumbani, mwana wa Korir. Maziwa ya baba yako ni matamu. Nayajua yanatoka kwenye majani ya nani."

Mwanangu, nimepigwa risasi vitani, nikakoswa. Neno lile halikunikosa.

Asubuhi ilikuja na mvua ile ile. Wafula alizungusha hendeli, injini ikawaka, turubai likashushwa. Wanawake walikuja na majembe, lakini walipanda polepole, na hakuna aliyeimba. Nao walikuwa na watu nyuma yao: wanaume wenye ng'ombe, watoto wenye njaa. Kila mtu pale kambini alikuwa na kitu chake kikila majani ya Bwana.

Hapo Kogo Tapsubei alikuja akitembea katikati ya njia, mvua ikimpiga, akasimama mbele ya lori. Alifungua vazi lake la juu, akafungua na mshipi wake, akauweka chini matopeni, kutoka upande mmoja wa njia hadi karibu na upande wa pili. Kisha akaenda kuketi juu ya jiwe, kama mtu aliyemaliza kazi yake ya siku.

Ni lazima nikueleze, kwa maana watoto wa sasa hawaujui. Ule ulikuwa leketyet, mshipi wa ngozi ulioshonewa simbi, ambao mama wa kwetu hujifunga tumboni baada ya kuzaa. Mshipi ule umeshika tumbo lililotubeba sote. Zamani wanaume walipopigana, mama mmoja aliuvua akauweka katikati yao, na vita vikaisha pale pale. Hakuna mwanamume wa kwetu aliyeuvuka, awe mlevi, awe na hasira, awe shujaa wa namna gani. Kuuvuka ni kumkanyaga aliyekuzaa.

Nilizima injini. Mikono yangu ilizima yenyewe, kabla sijaiambia.

Bwana alitoka akiwa amevaa koti la mvua. "Nini hii? Kwa nini gari nasimama?"

"Njia imefungwa, Bwana."

Alitazama. "Kamba? Kamba nafunga njia?" Akamgeukia Wafula. "Wewe si Mnandi. Toa hiyo kamba. Halafu piga hendeli."

Wafula alikuwa ameshika hendeli mkononi. Aliutazama mshipi, akamtazama Kogo, akavuta pumzi. "Bwana, mimi ni mtu wa Bungoma," akasema. "Hii kamba siijui hata kidogo. Lakini na mimi nina mama." Akaiweka hendeli chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Halafu mkono wangu leo umelala. Sijui ni ule moshi."

Mwanamke mmoja ndani ya turubai alicheka. Mmoja tu, na haraka akanyamaza. Lakini Bwana alikuwa amesikia.

Hakupiga kelele. Alisema kwa utulivu kwamba hiyo si shida. Leo wanawake wapumzike. Kesho atamleta dereva kutoka shamba la rafiki yake, mtu wa mbali asiyejua kamba wala kogo, na palizi itaendelea. Na mimi nifikiri usiku kucha habari ya ng'ombe.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo, na nataka ulielewe pamoja nami. Mshipi wa Kogo ulinisimamisha mimi. Haungemsimamisha mtu wa kesho. Mtu huyo angekuja, angesikia injini yenye sauti ya upole, angedhani lori ni zima, na angewafunga wanawake wetu ndani ya turubai bila ubaya wowote moyoni mwake. Kimya kile ndicho kingewaua. Na kimya kile nilikitengeneza mimi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilichukua spana, nikalala chali matopeni, nikaingia chini ya lori.

"Wewe nafanya nini?" nilisikia Bwana akiuliza. Niliona viatu vyake kando ya gurudumu.

"Nachukua kilicho changu, Bwana."

Bomba lilikuwa bado lina moto. Nililegeza klampu ya kwanza, nikalegeza ya pili, na nilipolivuta lilinichoma hapa, kiganjani. Wewe unayeandika umeliona kovu hili tangu utotoni, na uliwahi kuniuliza kama ni la vita. Sasa nimekujibu. Nilikata waya, sailensa ikaanguka, nikatoka na bomba langu mkononi, nimejaa matope hadi kwenye nyusi.

"Bwana," nikasema, "bomba hili nililileta mimi kutoka vitani. Si la shamba. Nililikopesha lori ili likufikishie mbegu zako, nalo limekwisha kufika. Lori ni lako. Sasa lina sauti yake. Kesho dereva wako ataliwasha, na kila mwenye sikio kutoka hapa hadi Eldoret atajua kwamba ni gonjwa."

Mvua iliendelea. Wanawake walianza kushuka mmoja mmoja. Hakuna aliyewaamuru.

Bwana akasema maneno niliyokuwa nikiyangoja tangu jana yake. "Wewe kwisha kazi. Ng'ombe ya baba yako kwisha hapa. Leo."

"Ndiyo, Bwana," nikasema. Sikumwomba. Ninakwambia hili bila aibu wala majivuno: sikumwomba siku ile, na hata leo, nikiwa nimebaki na meno ya kuhesabika, sijajuta. Wako jamaa zangu wenyewe waliosema kwamba niliuza majani ya baba kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine. Waache waseme. Huniambia mvumilivu hula mbivu. Mimi nilimwona mvumilivu akila moshi.

Kogo aliokota mshipi wake, akaufuta matope kwa nguo yake, akajifunga. Alipopita karibu nami hakunisifu. Alisema, "Paka samli kwenye mkono huo," akaenda zake.

Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa ndefu kuliko njia yoyote niliyopita vitani, kwa kuwa nilijua ni nani niliyemwendea. Nilimkuta baba zizini. Nikamweleza. Niliinamisha kichwa nikingoja fimbo au laana. Baba aliutazama mkono wangu, akalitazama bomba. Kisha akaenda kwenye lango la zizi, akatoa miti ya kufungia mmoja baada ya mwingine, na kuiegemeza vizuri kwenye ua, kana kwamba atakayekuja baada yetu angeihitaji.

"Ng'ombe wana miguu," akasema.

Hilo tu. Tukaondoka mchana, mama na vyungu vyake, baba mbele ya kundi lake, na Wafula alitusindikiza hadi mpakani akiwa amebeba kinu cha mama kichwani, akisema kwamba mkono umelala lakini shingo iko macho.

Baba na mama walipata hifadhi kwa ndugu wa mama, mahali penye majani machache na maneno mengi. Ng'ombe walikonda, na baadhi yao walikufa. Sikufichi. Ukaidi una gharama yake, na anayekuhubiria ukaidi bila kukutajia gharama anataka kukutuma mahali asipokwenda yeye. Mimi nilikwenda kwa miguu hadi mjini Eldoret, nikamwomba kazi Kalasinga mwenye gereji. Aliniuliza najua nini. Nikamwonyesha lile bomba lililopasuka na kumweleza kwa nini lilipasuka. Akanipa ovaroli.

Kabla palizi haijaisha, tukasikia kelele barabarani. Lori la Bwana Baadaye lilikuja mjini likivutwa na maksai, kwa sababu dereva yule mgeni alikuwa ameliwasha mara moja tu. Alipolisikia, alimwambia Bwana kwamba hatoki nalo langoni likiwa na ngurumo ile, sembuse kubeba watu. Wanawake walikuwa wakienda shambani kwa miguu, wakifika wamechelewa, na majani yalikuwa yanayashinda mahindi. Bwana alikuwa amepigwa hesabu na shamba lake mwenyewe.

Kalasinga alinipa mimi kazi ile. Niliingia tena chini ya lori lile lile, mara hii kwenye sakafu kavu. Nilitia bomba jipya gumu kutoka injini hadi mkia, nikatia sailensa mpya, nikaziba mianya ya sakafu kwa bati. Bwana alisimama mlangoni akivuta sigara. Hatukuamkiana. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Gari nakuwa tayari saa ngapi?"

Nilitoa kichwa, nikamtazama vizuri.

"Baadaye, Bwana," nikasema.

Kalasinga alikohoa ndani ya ndevu zake. Lakini sikiliza, mwanangu, usije ukalishika la mzaha ukaliacha lenye uzito: nililimaliza siku ile ile, na nililimaliza vizuri kuliko gari lolote nililowahi kulitengeneza. Ugomvi wangu ulikuwa na Bwana. Nyuma ya lori lile angepanda Cherono.

Nimekaribia mwisho. Nipe maji, kisha andika.

Mwanangu, maisha yatakukatikia katika mteremko, mbali na fundi, na utalazimika kufunga cha muda. Kifunge bila haya. Anayedharau cha muda hajawahi kulala njiani. Lakini ukikifunga, mwambie kila anayehusika kwamba ni cha muda, na usiruhusu sifa ikusahaulishe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza, ukiziba ufa kwa matope kisha ukauita ukuta, umejenga kaburi la mtu.

Usiogope kelele ya kitu kinachoumwa. Ogopa kimya ulichokitengeneza juu ya ugonjwa.

Na atakapokuja mwenye nguvu akakwambia baadaye, huku watu wake wanalala usingizi usio wa kawaida, usikatae kwa mdomo na kukubali kwa mikono. Mdomo mtupu wa kukataa hata kasuku anao. Mikono yako ikatae. Lala matopeni ikibidi, uchukue kilicho chako, umwachie ngurumo yake. Atakutishia kwa majani. Mwambie kwamba ng'ombe wana miguu.

Bomba lile lipo. Limening'inia juu ya mlango wangu, na limekuwa jekundu kwa kutu. Nitakapokufa msilizike pamoja nami. Litundikeni juu ya mlango wa huyu anayeandika, ili kila atokapo alione.

Mungu akupe mikono inayofanana na maneno yako. Akupe maziwa yasiyo na masharti, na zizi ambalo lango lake unalifungua wewe mwenyewe. Watoto wako walale usingizi wa kushiba, waamke kwa kelele, wala asitokee mtu wa kuwanyamazisha.

Hapo sasa. Nisomee ulichoandika, na usiruke hata neno.